Ndege wa Ngitili

Mei inapoingia Usukuma, mvua zimeanza kukatika na mpunga wa majarubani umegeuka rangi. Kuanzia Shinyanga Vijijini hadi Kahama, na kwenda magharibi hadi mabonde ya Geita, huo ni msimu wa kuamia. Kijana hukaa juu ya dungu la miti, kombeo mkononi. Mama huzunguka tuta kwa tuta akipiga debe. Kwelea huja asubuhi na mapema, kisha hurudi alasiri. Saa za jua kali hujificha mitini. Anayeamia anajua watatokea upande gani na watatua wapi kwanza. Anajua pia kwamba yangeyange wanaotembea matutani hawana kosa, kwa kuwa wanafuata panzi na vyura, si punje. Hajiiti mtazamaji wa ndege na hana darubini, lakini itakuwa vigumu kumpata Mtanzania anayewatazama ndege kwa saa nyingi kuliko yeye.

Kuna ndege ambao kufikia mwezi huo hawaonekani tena. Mbayuwayu wa Ulaya, waliokuwa wakinasa wadudu juu ya mpunga tangu vuli, wameondoka. Korongo weupe waliotembea mbugani wakila panzi na viwavijeshi wameondoka pia. Kitwitwi, yule ndege mdogo wa ukingoni mwa Ziwa Victoria anayetikisatikisa mkia kila anapotua jiweni, hayupo. Wote wamekwenda kaskazini kutaga. Huko Uingereza ndiyo kwanza majira ya joto yanaanza, na katika pwani za Norfolk na Suffolk watu wazima na watoto wamesimama na darubini shingoni wakiwasubiri ndege waliotoka Afrika. Kwao hilo ni jambo kubwa kiasi kwamba shirika lao la kulinda ndege, RSPB, lina wanachama zaidi ya milioni moja.

Safari yenyewe ilichukua muda mrefu kueleweka. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz kaskazini mwa Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa amechomwa shingoni na mshale mrefu wa Kiafrika. Alikuwa ameruka nao hadi Ulaya. Mei 1911 mbayuwayu alivishwa pete mguuni katika jimbo la Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika Kusini. Mbayuwayu wa Uingereza humalizia safari yao huko kusini, na wengi hawapiti Usukuma kabisa. Korongo ndio wageni hasa wa mbuga za Shinyanga: wale wa Poland na mashariki ya Ujerumani huvukia Bosphorus, hushuka na bonde la Nile, kisha hutawanyika katika nyanda za Afrika Mashariki na kusini yake. Mfugaji wa Kishapu na mkulima wa Poland wanamtazama ndege yuleyule, kila mmoja kwa nusu ya mwaka wake.

Pwani ya Suffolk ina uhusiano mwingine na Shinyanga, nao ni mchungu zaidi. Charles Swynnerton alizaliwa Lowestoft, mji wa bahari wa huko, mwaka 1877. Alipokuwa mkulima katika eneo ambalo leo ni mpaka wa Zimbabwe na Msumbiji, alikusanya ndege wa msitu wa Chirinda, na mmoja wao akapewa jina lake: ndege mdogo wa kivulini, kidari rangi ya chungwa, kooni ana alama nyeupe ya mwezi mwandamo. Ndege huyo yupo hata katika misitu ya milima ya Usambara na Udzungwa. Mwaka 1919 Swynnerton akawa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, na kuanzia 1929 akaongoza utafiti wa ndorobo, makao yake yakiwa Shinyanga.

Ndorobo anahitaji kivuli cha vichaka. Ukiondoa vichaka, umemwondoa. Hesabu ilikuwa rahisi hivyo, na tangu miaka ya 1920 maelfu ya Wasukuma walikusanywa kupitia watemi wao kufyeka na kuchoma pori. Mtu aliyewapenda ndege kwa dhati akasimamia ufyekaji wa makazi yao. Si haki kumhukumu haraka, kwa maana nagana iliua ng'ombe na malale iliua watu, na dawa za kutegemewa hazikuwapo. Swynnerton alifariki mwaka 1938 katika ajali ya ndege, pamoja na mtaalamu wa mimea Bernard Burtt. Hakuishi kuona pori lile lilivyoendelea kupungua baada ya ndorobo kuondoka.

Baada ya ndorobo ikaja pamba, ikaja mifugo iliyoongezeka, zikaja kuni na mkaa. Katika miaka ya 1970 watu wakahamishiwa katika vijiji vya pamoja, na maeneo ya malisho waliyokuwa wakiyalinda karibu na makazi yao ya zamani yakabaki bila mwenyewe. Mwalimu Nyerere, alipozuru mkoa wa Shinyanga kabla ya kung'atuka mwaka 1985, alikuta upepo ukiinua vumbi mahali palipokuwa na migunga. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wenyeji waliuita kwa kifupi HASHI.

Mwanzoni wataalamu walileta miche. Wananchi walikuwa na jambo jingine la kuwaambia: ardhi hiyo ikifungwa tu, miti itarudi yenyewe, kwa sababu visiki na mizizi bado viko hai chini. Hiyo ndiyo ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Ngitili inaweza kuwa ya kaya moja, ya ukoo au ya kijiji kizima. Sheria zake huamuliwa katika dagashida, mkutano wa wananchi wote, na zamani hizo sungusungu walihakikisha anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati analipa faini. HASHI ikaacha kung'ang'ania miche na kuusimamia ujuzi huo. Mwaka 1986 ngitili zilizofahamika zilifika hekta 600 hivi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, makadirio ya eneo lililorudi kuwa ngitili yalikuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji 833.

Hakuna aliyezifunga ngitili kwa ajili ya ndege. Zilifungwa kwa ajili ya ng'ombe, kuni, fito, asali na dawa. Lakini timu iliyoongozwa na Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine ilipokwenda kupima faida zake, matokeo yakitolewa mwaka 2005, ilikuta spishi 152 za mimea na spishi 145 za ndege. Ndege ambao wazee walishawazoea kuwa hadithi walikuwa wamerudi, tena bila kuletwa na mtu.

Waingereza wana kisa kinachofanana na hiki. Katika Vita vya Pili vya Dunia walifurikisha mashamba ya Minsmere, pwani ya Suffolk, kwa maji ili kuwazuia Wajerumani wasitue. Vita vilipokwisha, mwaka 1947, alionekana akitaga katika pwani hiyo ndege mweusi kwa mweupe wa majini, mwenye mdomo mwembamba uliopinda kwenda juu, ambaye alikuwa ameacha kuzaliana Uingereza kwa takriban karne nzima. Hapo tena binadamu alifanya jambo kwa sababu zake, na ndege akaona nafasi. Leo picha ya ndege huyo ndiyo nembo ya RSPB.

Kuna tofauti moja. Minsmere ikawa hifadhi yenye vibanda vya kutazamia ndege. Ngitili imebaki kuwa ngitili, na ndani yake mtazamaji hukutana na mchungaji, mama anayeokota kuni na mzinga uliotundikwa mtini.

Anayetaka kuijua aingie saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa bado chini. Ataanza kusikia kabla ya kuona. Kanga hupiga kelele kutoka upande wa mbuga. Kwale mwenye kidari cha kijivu, ambaye makao yake duniani ni nyanda hizi za kaskazini-magharibi mwa Tanzania, hulia kwa sauti inayopanda na kukwaruza, kisha hunyamaza ghafla mtu anaposogea. Juu ya migunga yamening'inia matita ya majani makavu, makubwa na ya hovyo. Hayo ni makazi ya mnana mkubwa mwenye mkia rangi ya kutu. Hapatikani kwingine isipokuwa kaskazini mwa Tanzania, na kidogo upande wa pili wa mpaka na Kenya.

Kwenye matita hayo ndipo anapoonekana ndege ambaye Shinyanga ingestahili kujivunia kuliko almasi ya Mwadui. Ni kasuku mdogo, urefu wake sentimita 15 hivi. Mwili ni wa kijani, uso rangi ya chungwa inayofifia kuelekea kifuani, mdomo mwekundu, na jicho limezungukwa na ngozi nyeupe isiyo na manyoya, hivyo huonekana kama anayeshangaa. Hutembea wawili wawili au kwa makundi. Huingia katika tundu la mti au katika kiota kilichoachwa na mnana, na jike hubeba vijiti na maganda kwa mdomo kujengea ndani. Ukisimama kimya chini ya mbuyu utamwona akitoa kichwa tunduni, akitazama kushoto, akitazama kulia, kisha akitoka kwa kasi na mlio mkali wa juu.

Wazungu wanamwita kwa jina la Gustav Fischer, daktari na msafiri wa Kijerumani aliyepita kando ya Ziwa Victoria mwaka 1885 na 1886. Fischer alifariki mwishoni mwa mwaka huo wa pili, na ndege akaelezwa kisayansi mwaka 1887 na Anton Reichenow wa Berlin. Eneo lake la asili ni dogo: nyanda za kusini na kusini-mashariki mwa ziwa, zikiwemo za Shinyanga. Dunia nzima inamfahamu kutoka vizimbani. Biashara yake ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1987 alikuwa ndege wa porini aliyeuzwa zaidi ya wote katika soko la kimataifa. Tanzania ikasimamisha usafirishaji wake, na mwaka 2016 Serikali ikapiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwa ujumla. Idadi yake haijarudi ilivyokuwa, na orodha ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini inamweka karibu na kundi la wanaotishiwa. Wakati huohuo kuna makundi ya waliotoroka vizimbani yanayoishi Naivasha na Mombasa, ambako hawakuwahi kuwapo. Inauma kwamba mtoto wa Shinyanga anaweza kumaliza shule bila kuambiwa kuwa kasuku huyu ni wa kwao.

Wakulima, kwa upande wao, hawana sababu ya kumpenda sana, maana anakula mtama na mahindi. Lakini hasara yake si kitu mbele ya kwelea.

Kwelea mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi na anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni mbili, ambalo si la ajabu, linamaliza tani 20 kabla jua halijatua. Ndiyo maana Serikali hutuma ndege ya kunyunyizia sumu katika miti wanakolala. Sumu hiyo haichagui: bundi, mwewe na tai wanaookota kwelea waliodhoofika nao hufa, na hata maji yaliyo karibu huingia hatarini. Kondoa wana njia yao, ya kuwatega kwa vikapu vya majani na nyavu, kisha kuwala au kuwauza. Njia hiyo haimalizi kundi kubwa, lakini inageuza adui kuwa kitoweo na haiachi mizoga ya tai. Inastahili kupewa fedha na watafiti kuliko inavyopewa sasa.

Ukitoka Kahama kwenda Geita, mada hubadilika pamoja na rangi ya udongo. Hapa watu wanatazama chini. Dhahabu ilichimbwa Geita tangu miaka ya 1930 hadi mgodi wa zamani ulipofungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000. Bulyanhulu ulifuata mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009. Kuzunguka migodi hiyo wako wachimbaji wadogo kwa makumi ya maelfu, na ndege wanaguswa na kazi yao kwa njia tatu ambazo mtu hazioni akiwa na haraka.

Ya kwanza ni matimba. Hakuna anayeshuka duarani bila magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, na magogo hayo hutoka katika miombo. Mti mnene wenye tundu ndio nyumba ya hondohondo, ya kigogota na ya bundi. Ukiingia shimoni, wapangaji wote wamehama. Ya pili ni zebaki, ambayo mchimbaji huitumia kukamata chembe za dhahabu na kisha kuichoma. Sehemu yake hufika mitoni. Humo matopeni vijidudu huigeuza kuwa aina ambayo mwili hauwezi kuitoa kwa urahisi. Samaki mdogo huipata kidogo, samaki mkubwa huipata kwa wingi, na mla samaki huipata kwa wingi zaidi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, ila kazi ya kuwapatia wachimbaji njia nyingine ya bei wanayoimudu bado iko mbele.

Ya tatu ni maji yenyewe. Agosti, mabwawa ya ng'ombe yakikauka, bwawa la topesumu la mgodi au kisima cha kuchenjulia kwa sianidi marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa mara ya kwanza, huonekana kutoka angani kama maji mengine yoyote. Bata na kitwitwi hawana namna ya kutambua. Kanuni ya kimataifa ya matumizi ya sianidi migodini, iliyotolewa mwaka 2002, inataka maji yaliyo wazi kwa wanyama yasizidi miligramu 50 za sianidi inayoweza kudhuru kwa kila lita. Yakizidi, yafunikwe kwa nyavu au kwa mipira inayoelea. Migodi mikubwa iliyojiunga na kanuni hiyo hukaguliwa. Wachenjuaji wadogo wa marudio hawana mkaguzi wa namna hiyo, ilhali wavu juu ya kisima si teknolojia ngumu.

Mwisho wa barabara ni ziwa. Katika mialo ya Geita wavuvi wanaanika dagaa, na korongo marabu wanasimama kando na vichwa vyao vya upara wakisubiri matumbo ya sangara. Mnandi wamejipanga mawe kwa mawe, mbawa wazi, wakikauka. Kwazi, tai mweupe kichwani na kifuani, hukaa juu kabisa ya mti na kulia akiwa ametupa kichwa nyuma. Anapoona samaki hashuki wima. Huja kwa mshazari, miguu mbele, anachota juu ya maji na kuendelea kupiga mbawa. Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, kina kwazi wengi sana, na mwaka 2000 kilipokea pia kasuku wa kijivu waliokamatwa katika biashara haramu. Wageni wanaofika Rubondo kwa ndege ndogo hulipia kumwona kwazi, na mvuvi wa Nkome humwona kila siku akiwa kazini.

Kinachokosekana ni maandishi. Tanzania ina zaidi ya spishi 1,100 za ndege. Neil na Liz Baker walianza kukusanya kumbukumbu za ramani ya ndege wa nchi hii tangu miaka ya 1980, na kitabu chao cha mwaka 2002 kilitaja maeneo 80 muhimu kwa ndege. Kila Januari hufanyika sensa ya ndege wa majini barani Afrika. Kuna programu ya simu iitwayo eBird ambamo mtu yeyote anaweza kuingiza alichoona, na nyingine, Merlin, inayosaidia kumtambua ndege kwa picha au sauti. Lakini anayetazama kumbukumbu hizo ataona zimejazana Serengeti, Arusha na visiwani, halafu zinapungua ghafla ukifika ukanda wa dhahabu. Zile spishi 145 za ndege wa ngitili zilihesabiwa miaka ishirini na zaidi iliyopita. Tangu hapo ngitili nyingi zimegawanywa kwa warithi, nyingine zimeuzwa, nyingine zimegeuka mkaa wa kupelekwa mijini. Ndege wake wanahitaji kuhesabiwa upya, na wenye macho ya kuwahesabu tayari wako pale.

Kazi hiyo haihitaji kuanza kwa fedha nyingi. Mwaka 1736 bwana mmoja wa Norfolk, Robert Marsham, alianza kuandika daftarini tarehe ya mambo ya kila mwaka: lini mbayuwayu wa kwanza ameonekana, lini kekeo amelia, lini mti gani umetoa jani. Familia yake iliendelea hadi mwaka 1958, na leo wanasayansi wa tabianchi wanalitumia daftari hilo kuonyesha jinsi majira yalivyosogea. Huku kwetu mbayuwayu wa Ulaya hufika majarubani kati ya Septemba na Oktoba. Shule ya sekondari ya Msalala au Bukombe ikiwapa wanafunzi wa kidato cha kwanza daftari la kuandika tarehe hiyo, jina la kijiji na idadi waliyoiona, na kulikabidhi kwa kidato cha kwanza cha mwaka unaofuata, baada ya miaka kumi itakuwa na kitu ambacho hakipo katika maktaba yoyote ya Dodoma wala London.